Jina Huandikwa Mwisho

Nimeacha kazi mwezi uliopita, na vijana wa ofisini wameninunulia saa ya ukutani. Ni kitu kizuri, ila sijui walidhani mtu aliyestaafu anawahi wapi. Pamoja na saa hiyo waliniomba niwaandikie machache kuhusu kazi ya ukarani katika ofisi ya wakili, hasa upande wa mauziano ya nyumba za kupangisha, maana huko ndiko nilikozeekea. Nimekubali. Nilipanda cheo lini na nililipwa nini sitaandika, kwa sababu hayo hayamfundishi mtu kitu. Nitaandika kuhusu nukta, na kuhusu Ijumaa moja ambayo sikuziweka.

Nilianza kazi kwa Wakili Nassor nikiwa binti wa miaka ishirini na ushee, nimetoka Bukoba na cheti cha upigaji chapa na viatu vya dada yangu. Ofisi ilikuwa Temeke, chumba kimoja na kibaraza, ubavuni mwa fundi baiskeli. Wakili alikuwa mtu mzima tayari, mwembamba, wa ukoo wa Waarabu wenye maduka Kinondoni, na miwani yake aliifunga uzi shingoni kwa sababu aliisahau kila alikokaa. Siku ya kwanza hakutaka hata kuona cheti changu. Alinionyesha mashine ya chapa, akasema, "Hii herufi ya z inakwama. Ikikwama usigombane nayo, inyanyue kwa kucha." Kwa lugha yenye z nyingi kama yetu, mtaelewa kucha zangu zilivyokuwa.

Asubuhi ileile alinipa rasimu ya mkataba nichape. Mnunuzi alikuwa fundi umeme wa Vingunguti, ananunua nyumba ya vyumba vinne vya kupangisha, na alikuwa amekaa mbele yetu na kitambulisho mkononi. Nikachapa jina la muuzaji, mipaka ya kiwanja, mashahidi, mpaka idadi ya madirisha. Nilipofika kwenye mnunuzi, Wakili akaniwekea kidole kwenye mstari.

"Hapo weka nukta, binti. Kutoka huku mpaka huku."

Nilidhani amesahau jina la mteja, nikamnong'oneza. Akacheka kidogo. Kisha akamgeukia fundi umeme, akampa nakala ya kaboni, akamwambia, "Nenda nayo nyumbani. Kaa nayo siku saba. Ukirudi uniambie hapa niandike nani."

"Wakili, si mie? Hela yangu, nyumba yangu."

"Inawezekana. Lakini nijibu kwanza. Siku ukiwa hupo duniani, asubuhi yake, nani atapita vyumbani kuchukua kodi, na nani atakuja kumzuia?"

Yule bwana alirudisha kitambulisho mfukoni. Aliondoka na karatasi yake yenye nukta, na baada ya siku saba alirudi na mkewe, wakaandikwa wote wawili.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya ofisi yetu. Kila kitu kwenye mkataba kilichapwa, isipokuwa jina la mmiliki mpya. Mnunuzi alikwenda nalo nyumbani, akalizungumza na wale ambao nyumba ingewagusa, ndipo tukalijaza. Ofisi nyingine za jirani zilimaliza mauziano kabla chai haijapoa. Wauzaji walituchukia kwa siku zetu saba, na madalali walitubandika jina la Ofisi ya Nukta, na msidhani walikuwa wanatusifu.

Nilipozoea nilimuuliza Wakili alikoipata desturi hiyo. Akaniambia babu yake aliandikisha jengo la maduka ya familia kwa jina la mwanawe mkubwa, kwa sababu ndiye peke yake aliyejua kusoma. Hakuna aliyeona ubaya siku ile. Babu alipofariki, wadogo waligundua kuwa kwa karatasi wao ni wapangaji wa kaka yao. Walizeeka bila kusemeshana. Wakili alikua akitumwa kila Ramadhani kupeleka sahani ya futari kutoka mlango mmoja kwenda mwingine wa jengo lilelile, kwa sababu watu wazima walishindwa kuvuka ukumbi.

Nyie mnaobaki mtaulizwa swali hili kila siku, kwa hiyo niliseme kama nilivyofundishwa, na sheria yenyewe mtaitafuta kwa mawakili. Jina la mtu mmoja ni rahisi. Anaamua peke yake, anapangisha, anauza. Lakini akifariki kila kitu kinasimama mpaka apatikane msimamizi wa mirathi, na wapangaji wanapata likizo ya kodi ambayo hawakuiomba. Mume na mke wakiandikwa pamoja, anayebaki anaendelea na nyumba. Ndugu au marafiki wanaochanga ni afadhali waandikwe kwa mafungu, kila mmoja fungu lake lijulikane, ili akitaka kuliuza au kulirithisha asibomoe ukuta wa mwenzake. Kampuni inamfaa mwenye nyumba nyingi, wabia na uvumilivu wa makaratasi. Mwalimu mmoja wa Mbagala alitaka kufungua kampuni kwa ajili ya vyumba viwili na choo. Wakili akamuuliza wakurugenzi watakuwa nani. Akasema yeye na mkewe. "Na mkikosana?" Mwalimu akasema watakaa na wazee wayamalize. "Basi hiyo bado ni ndoa," Wakili akamwambia, "mnataka kuiongezea mhuri tu."

Alinifundisha na mambo ya mikono. Kidole gumba hakigandamizwi kwenye wino, kinaviringishwa taratibu kutoka ukucha mpaka ukucha, la sivyo unapata doa jeusi ambalo halimtambulishi mtu. Karatasi ya kaboni ikichoka inapinduliwa juu chini, inakupa siku mbili zaidi. Mipaka ya kiwanja usiiandike kwa mti wala kwa duka la mtu, maana mti utakatwa na duka litahama. Na kabla ya kusaini, mkataba unasomwa kwa sauti, wote, hata kama mteja ana shahada tatu.

Niliona mengi. Nakumbuka marafiki watatu walionunua nyumba ya kupangisha, wakaiandika kwa jina la mmoja wao kwa sababu ndiye aliyekuwa na nafasi mchana ule. Hawakuandikishia kwetu, walikuja kwetu baada ya yule mmoja kufariki. Mjane hakuwa na hila yoyote, hakujua tu kwamba hao wengine wawili wapo. Nilimwona mmoja wao, mtu mzima, anamwonyesha mjane picha ya siku walipomwaga pamoja zege la uwanja, yeye akiwa na koleo mkononi, kama ushahidi. Mjane aliitazama sana ile picha, lakini alikuwa anamtazama mumewe aliyesimama pembeni.

Sasa Ijumaa yenyewe. Nilikuwa na kama miaka kumi kazini, muda wa kumtosha mtu kuanza kujiona. Wakili alikwenda msikitini, na kutoka huko akapitiliza mazikoni. Nikabaki peke yangu. Akaingia mwanamke mmoja, na kabla sijainua macho nilisikia harufu ya ndimu. Aliuza supu ya utumbo Vingunguti, karibu na machinjio. Utumbo aliuosha mwenyewe alfajiri, na akimaliza alijisugua mikono kwa ndimu mpaka ngozi ikapauka. Jina lake Rehema. Alikuwa na binti yake wa miaka tisa, Salma, amevaa sare za shule, na nyuma yao muuzaji na dalali wake.

Nyumba ilikuwa Mbagala, vyumba sita vya kupangisha vinavyotazamana, uwanja katikati na choo nyuma. Muuzaji alisema ana mnunuzi mwingine anayekuja alasiri. Huenda alikuwa naye, huenda hakuwa naye.

"Dada, nichapie leo hii," Rehema alisema. "Jina andika la huyu mtoto."

Nikamweleza habari ya siku saba. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanieleza yake. Yeye na marehemu mumewe walijenga nyumba pamoja, lakini kiwanja kilikuwa kwa jina la mume. Mume alipofariki, hata arobaini haijafika, mashemeji walikuja na kufuli mpya. Walimpa muda wa kufunga nguo. Alitoka na mtoto mgongoni na sufuria ya supu kichwani.

"Sasa jina la mtoto litazuia nini?" nikamuuliza.

"Mie nikiandikwa, nikiolewa tena au nikifa watatokea wanaume na kufuli. Mtoto hana mashemeji. Nani atamfungia mlango mtoto?"

Nilimtazama Salma. Alikuwa anasoma matangazo ya ukutani kwa kunong'ona, neno moja moja. Dalali alikuwa anatazama saa. Roho ikanilainika, na tuseme ukweli, nilitaka pia kuonyesha kwamba naweza kumaliza jambo bila Wakili. Nikapanga karatasi na kaboni, nikachapa. Nilipofika kwenye mstari wa nukta nikaandika jina la mtoto, na mbele yake, kwa ulezi wa mama yake. Jina lile halina z, kwa hiyo lilipita bila kukwama. Wakaenda kusaini mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, muuzaji akapokea chake, na mimi nikafunga ofisi nikiwa nimejipenda.

Jumatatu Wakili aliichukua nakala ile, akavaa miwani, akasoma, akafika kwenye ule mstari.

"Hapa palikuwa na nukta," alisema. "Zimekwenda wapi?"

Nikamweleza kufuli, sufuria, mnunuzi wa alasiri.

"Umemuuliza kama atazaa tena?"

"Wakili, amefiwa."

"Amefiwa na mume. Hajafiwa na umri."

Akanituma Vingunguti saa ileile nikaulize. Nilimkuta Rehema katikati ya masufuria, wateja wamemzunguka na bakuli zao, na sikuwa na mahali pa kumvuta pembeni. Nikamuuliza hapohapo kama haoni huenda akapata mtoto mwingine, na kama hataki tubadilishe jina mapema. "Nizae tena na nani?" akasema, na wateja wote wakacheka. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada yangu, jina langu linaita mashemeji. Liache hivyohivyo."

Nilirudi na jibu hilo. Wakili akachukua kalamu yake ya wino wa kijani, akaandika juu ya jalada la faili: Swali limeulizwa baada ya kusaini. Tumechelewa sisi. Akalirudisha faili kabatini. Ingekuwa nafuu kama angenikaripia.

Miaka ikaenda. Kompyuta zilikuja, z ikaacha kukwama, kucha zangu zikapona. Wakili Nassor aliugua na kufariki, na ofisi ikachukuliwa na Wakili Upendo, binti wa Mbeya aliyejifunzia kazi mikononi mwake. Nilidhani atazifuta nukta, kwa sababu vijana hawapendi kusubiri. Hakuzifuta. Alizihifadhi ndani ya kompyuta, na kila tukifungua mkataba mpya zinatokea zenyewe mahali pake. Siku ya kwanza nilipoziona nilitoka nje nikajifanya nafuta vumbi machoni.

Mwaka huu, wiki chache kabla sijastaafu, nilifika ofisini asubuhi nikamkuta mama mmoja kwenye benchi, amejitanda khanga, kichwa kimeinama. Uso sikuutambua. Niliitambua ndimu.

"Mama Salma," nikasema.

"Sasa hivi ni mama wa wawili," akajibu. "Ndiyo maana nimekuja."

Mtoto wa pili, Mwanaidi, alizaliwa mwaka wa pili baada ya ile Ijumaa. Baba yake aliondoka kabla mtoto hajatembea. Rehema na watoto wake waliishi katika viwili kati ya vile vyumba sita, na kodi ya vinne vilivyobaki ikawalisha wote, ikamsomesha Salma ualimu na Mwanaidi mpaka kidato cha nne. Salma alipofika miaka kumi na minane, mama yake alimwambia faraghani kwamba nyumba iko kwa jina lake, na akamwonya asiseme. Akaja kuolewa, akahamia upande wa Ubungo. Aliyebaki na nyumba ni Mwanaidi. Ndiye anayekusanya kodi, anayepiga chokaa, anayeita gari la maji taka, anayejua ni mpangaji yupi mtoto wake ana pumu.

Kisha ukaja urasimishaji wa viwanja. Wapima walipita Mbagala, wakaweka vigingi, na orodha ya wamiliki ikabandikwa ukutani kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, ili mwenye pingamizi aseme kabla hati hazijatoka. Mwanaidi alikwenda kuangalia kama nyumba yao imo. Ilikuwemo, kwa jina la dada yake. Alipiga picha kwa simu, akarudi, akamwekea mama yake simu mbele, akakusanya nguo zake na kuhamia kwa rafiki yake Tandika. Na kule Ubungo, mume wa Salma alishaanza kusema kwamba hati ikitoka watabomoa vyumba viwili vya mbele wajenge fremu za maduka. Viwili hivyo ndivyo anavyoishi Rehema.

"Orodha inabanduliwa mwisho wa mwezi," Rehema alisema. "Sina mtoto hata mmoja anayeniangalia usoni, dada yangu. Nakuomba kitu kimoja. Waite, uwaambie ilikuwa makosa ya ofisi. Useme mliandika vibaya. Salma atarudisha, na Mwanaidi ataona kuwa sikumbagua."

Nilimwambia nitawaita. Hilo la pili sikulijibu, kwa sababu sikujua ni uongo kiasi gani.

Walikuja siku ya Jumanne. Salma aliingia kwanza, akasema shikamoo kwa wote, akakaa mwisho wa benchi. Mwanaidi aliingia na simu mkononi, ile picha iko wazi kwenye kioo. Mama yao akakaa katikati. Wakili Upendo aliwaeleza bila kuzunguka kwamba Salma ni mtu mzima, jina ni lake, na hakuna wa kumwondoa humo isipokuwa yeye mwenyewe kwa hiari yake. Anaweza kukaa nalo, anaweza kumrudishia mama, au wote watatu wanaweza kuandikwa kwa mafungu.

"Mie nyumba siitaki," Mwanaidi alisema. "Nataka tu kujua kwa nini sikuwemo. Na huyu sista alikuwa anajua. Anakuja Idi anakunywa soda, mie nafagia uwanja wake, ananiangalia tu."

"Niliambiwa ninyamaze," Salma akasema. "Ningefanyaje, Mwana? Nikisema namvunjia mama heshima, nikinyamaza nakuibia wewe. Unadhani ile soda ilikuwa inapita?"

Hapo nikalifungua faili la zamani, nikaliweka mezani, nikawasomea maneno ya wino wa kijani. Nikawaambia kwamba aliyechelewa ni mimi. Mama yao alistahili siku saba na swali moja kabla ya kusaini; siku sikumpa, na swali nililipeleka Vingunguti mbele ya walaji supu, jambo likiwa limekwisha. Nilidhani kitu nilichokibeba miaka mingi namna ile kitakuwa kimeshapungua uzito. Hakikuwa kimepungua, na niliona aibu mbele ya watoto wale.

Salma alilitazama lile jalada. "Kwa hiyo jina langu lilikuwa makosa?"

Rehema alikuwa ameomba hasa niseme hivyo, na sasa lilikuwa limesemwa, na angeweza kunyamaza tu likapita. Nilimwona anasugua viganja vyake kimoja kwa kingine, kama ana ndimu ndani.

"Hapana," alisema. "Dada karani alichelewa kuuliza, lakini jina nililitaja mie. Salma, sikukupa nyumba. Nilijificha nyuma yako. Nilikuwa nawaogopa baba zako wadogo, nikakutanguliza mbele, mtoto wa miaka tisa, nikasema wakija na kufuli wakukute wewe." Akamgeukia wa pili. "Na wewe hukuwemo kwa sababu ulikuwa hujazaliwa. Ulipozaliwa nikaona haya kurudi hapa. Kila mwaka nikaona haya zaidi ya mwaka uliopita. Sikukubagua, Mwana. Niliogopa tu, tangu siku ile sijaacha kuogopa."

Salma alilia bila kufuta machozi. Mwanaidi aliizima simu, akaitia kwenye mkoba. Nilitaka kutoka nje, lakini niliona si haki mimi niliyekuwepo mwanzo nisiwepo hapo.

Alipotulia, Salma alisema, "Andikeni sasa hivi. Chochote anachotaka mama. Mie nasaini."

Wakili Upendo aligeuza kompyuta, rasimu ikiwa wazi na nukta zake, kisha akanitazama mimi. Nikasema hapana. Nikawaambia waende na karatasi nyumbani wakae nayo siku saba, na mume wa Salma wamwonyeshe, na wajibu pamoja lile swali la Wakili Nassor: siku mama akiwa hayupo, asubuhi yake, nani atapita vyumbani, na nani atakuja kumzuia. Salma alinikasirikia. Alisema ndiyo kwanza wameanza kusemeshana na mimi nawarudisha nyuma. Nilimwelewa, lakini sikubadilisha. Orodha ilikuwa bado na siku kumi na mbili ukutani. Siku zangu mimi zilikuwa zimebaki tatu.

Kwa hiyo waliporudi nilikuwa nimeshastaafu. Nilikwenda hata hivyo, kwa nauli yangu, na mlinzi mpya akaniuliza nina miadi na nani. Mwanaidi na mama yake walifika pamoja. Mwanaidi alikuwa amerudi nyumbani siku ya pili tu, kwa sababu, alisema, choo kilikuwa kimejaa na hakuna aliyejua namba ya gari. Salma alikuja na mumewe, ambaye alibaki nje na simu sikioni. Wakili Upendo akamwita aingie, asikie yote na asaini ridhaa yake, ili asitokee baadaye kusema hakujua. Aliingia, akataja fremu zake mara moja kwa sauti ndogo, Salma akamtazama, mume akakubali kusaini.

Watoto walikuwa wameshakubaliana mafungu. Nusu ya mama, robo ya Salma, robo ya Mwanaidi. Na maisha yake yote mama akae, apangishe na achukue kodi, na hakuna chumba kitakachobomolewa bila yeye kutaka. Mwanaidi ndiye aliyesisitiza hilo la mwisho. Aliyekataa alikuwa mmoja tu.

"Mie msiniandike," Rehema alisema. "Wekeni watoto, nusu kwa nusu. Mie nilishawaambia jina langu..."

"Mama," Salma akamkatiza, "mashemeji zako wameisha. Wawili tumewazika wenyewe, na wewe ndiye uliyewapikia waombolezaji."

Rehema alifikiri kidogo. Kisha akavuta khanga yake vizuri mabegani, akasogea karibu na meza, na tukachukulia kuwa amekubali.

Wakili Upendo aliniachia kiti chake. Nikazifuta nukta, nikajaza majina, tukatoa nakala nne, na kama desturi ilivyo nikausoma mkataba kwa sauti kabla ya mtu kushika kalamu. Nilianza na wamiliki. Nikasoma, "Rehema binti Omari, mmiliki wa nusu ya nyumba hii." Rehema akainua mkono wake uliopauka. Kwenye karatasi za nyumba ile, miaka yote, alikuwa ameandikwa mlezi tu.

"Rudia hapo, dada."

Nikarudia. Alikuwa ameinamisha macho, midomo inanifuatisha.

"Tena."

Watoto wake wote wawili walikuwa wanamtazama usoni. Mimi sikuwa na haraka, sikuwa na ofisi ya kufunga wala saa ya kuangalia. Nikasoma mara ya tatu.